Nikikwama majini, atakuja nani? Na ile kadi ya uanachama ni ya nini?

Swali: "Nahodha, nimenunua boti ya mitumba ya mita tano na nusu yenye mashine ya nje. Tutaitumia familia nzima. Mimi na mke wangu tunapenda kuvua kwa mshipi, na binti yetu wa miaka kumi na tano amependa kayaki mpaka anaiota usiku. Tangu niinunue, kila ninayemuuliza ananitajia jina jipya: jiunge na chama hiki, lipa ada ya kile, bila shirikisho fulani hupati msaada. Nimeshaandika majina kumi na moja na kichwa kinaniuma. Niambie ukweli, nijiunge na lipi? Na nikipata shida huko majini, hao waokoaji huja kwa wanachama wao tu, au wataniletea bili nikishafika nchi kavu?"

Ndugu yangu, nianzie mwisho wa swali lako, maana ndipo hofu ilipo. Anayekuja kukutoa majini haulizi kadi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 98, unaitaka kila nchi imwajibishe nahodha wa meli yenye bendera yake kumsaidia yeyote anayekutwa baharini akiwa katika hatari ya kupotea, maadamu kufanya hivyo hakuiingizi meli yake na watu wake katika hatari kubwa. Mkataba wa Utafutaji na Uokoaji Baharini, uliopitishwa Hamburg mwaka 1979, unakwenda mbele zaidi: msaada utolewe bila kujali uraia wa mtu, hadhi yake, wala mazingira aliyokutwa nayo. Na kuhusu bili, Mkataba wa Kimataifa wa Uopoaji wa 1989 unasema wazi kwamba aliyeokolewa roho yake hadaiwi malipo.

Ila mkataba huohuo una upande wa pili, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu nimeona watu wakilia bandarini, wamepona lakini wanadaiwa. Roho ni bure. Chombo si bure. Kuna mambo matatu ambayo mtu aliyetaharuki huyaona kuwa jambo moja. La kwanza ni kuokoa watu. La pili ni kuvutwa tu: mashine imezimika, bahari shwari, umetia nanga, watoto wanakula, hakuna aliye hatarini ila ratiba yako. La tatu ni kuopoa mali: chombo chako kinagonga mwamba, mtu mwenye boti kubwa anafunga kamba na kukitoa. Huyu wa tatu, sheria ya bahari inampa haki ya kudai tuzo, na tuzo hiyo hupimwa kwa thamani ya kilichookolewa na ukubwa wa hatari iliyokuwapo, wala si kwa saa alizotumia peke yake. Kanuni yake ya zamani ni kwamba asipookoa kitu, halipwi kitu. Akiokoa, jiandae.

Kwa hiyo, ikiwa anayekuvuta anafanya kazi hiyo kibiashara na hakuna roho iliyo hatarini, uliza kabla ya kupokea kamba: "Unanivuta kwa bei gani, au unahesabu hii ni uopoaji?" Mkubaliane kwa sauti ambayo mwenzako ndani ya boti anaisikia. Na usome bima yako kama inalipia uopoaji. Lakini maji yakiwa yanaingia na watoto wanatetemeka, achana na hayo yote, shika kamba.

Nadhani hapo ndipo lilipotoka lile neno la "bila uanachama hupati msaada". Marekani, kwa mfano, yapo makampuni kama BoatUS na Sea Tow yanayofanya kazi mithili ya gari la kuvuta magari yaliyoharibika barabarani. Unalipa ada ya mwaka, ukizimikiwa mashine wanakuja kukuvuta bila malipo mengine au kwa nafuu. Walinzi wa Pwani wa huko, wakiona tukio si la hatari ya maisha, huwaachia hao wa kibiashara kazi hiyo. Ni huduma nzuri kwa mwenye boti ya mashine moja kama wewe, nami siipingi. Ila ijue kwa jina lake: ni huduma ya kuvutwa. Aliyekuuzia kama uokoaji amekudanganya, au naye hajui.

Sasa, nani hasa huja?

Bahari zote za dunia zimegawanywa katika maeneo 13 ya utafutaji na uokoaji, na ndani ya kila eneo nchi zimegawana majukumu. Kila nchi yenye jukumu inapaswa kuwa na kituo cha uratibu. Watu hufikiri kituo hicho kimejaa boti na helikopta. Vingine havina hata mtumbwi. Vina redio, simu, ramani, watu wasiolala, na mamlaka ya kumwomba yeyote aliye karibu aende. Ndiyo maana atakayekufikia huenda akawa mvuvi aliyekuwa akitega nyavu, au meli ya mizigo iliyogeuza njia kwa ajili yako.

Katika baadhi ya nchi kazi hiyo imebebwa kwa karne mbili na jumuiya za raia wanaojitolea. Iliyo maarufu kuliko zote ni Royal National Lifeboat Institution ya Uingereza na Ireland, ambayo wengi huiita RNLI. Ilianzishwa London mwaka 1824 baada ya Sir William Hillary, aliyekuwa akiishi kisiwa cha Man na kuona meli zikivunjika mbele ya macho yake, kuandika waraka wa kuwaomba wakubwa wa nchi waunde chombo cha kuokoa watu. Mabaharia wake wengi ni watu wenye kazi zao nyingine: fundi, mwalimu, muuza duka. Kengele ikilia wanaacha kazi na kukimbilia boti, na hawamtozi waliyemwokoa. Uholanzi nao walianza mwaka huohuo wa 1824. Ujerumani walifuata mwaka 1865 na jumuiya yao ya DGzRS, ambayo hadi leo inaishi kwa michango. Visanduku vyake vya kuchangia vimetengenezwa kwa umbo la mashua, utavikuta juu ya kaunta za mikahawa. Ufaransa wana SNSM tangu 1967. Na jumuiya hizi zote zina mwamvuli wao wa kimataifa, International Maritime Rescue Federation, wenye mizizi tangu 1924, ambao husaidia pia nchi zinazoanza kujenga huduma ya uokoaji kutoka chini.

Ukiwa kwenye maji yenye jumuiya kama hizo, wachangie. Ila changia kama mtoa sadaka. Usichange ukidhani umenunua kipaumbele, maana hakuna foleni ya wanachama huko.

Maji mengi duniani hayana jumuiya za namna hiyo. Pana jeshi la majini, polisi wa majini, mamlaka ya bandari, au wavuvi na Mungu wao. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nijiunge na nani," uliza maswali matatu kuhusu maji utakayotumia wewe: nani anaratibu uokoaji hapa na namba yake ni ipi, boti ya uokoaji iliyo karibu itachukua muda gani kunifikia, mchana na usiku, na je, kuna anayesikiliza chaneli ya 16 ya redio, ile ya kuitia msaada baharini, saa 24? Majibu yake yaandike kwa wino usiofutika uyabandike karibu na usukani. Jibu la pili likiwa ni saa nne, basi wewe ndiwe huduma yako ya uokoaji kwa hizo saa nne, na vifaa vya kwenye boti vichaguliwe kwa hesabu hiyo.

Nimetaja chaneli ya 16. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa uisome mara mbili.

Simu ya mkononi uwe nayo, ndani ya mfuko usioingiza maji. Lakini simu humfikia mtu mmoja, tena ikiwa mtandao upo na vidole vyako vimekauka. Redio ya VHF ya baharini inasikika na kila aliye karibu, na aliye karibu ndiye atakayefika kwanza. Redio ya mkononi ina nguvu ya wati tano au sita. Ya kufungwa kwenye boti ina wati 25. Hata hivyo kinachoamua zaidi ni urefu wa antena, kwa sababu mawimbi ya VHF husafiri kama macho yanavyoona: yakizibwa na mviringo wa dunia, basi. Mtu aliyekaa kwenye boti ndogo na redio mkononi atasikika maili chache tu na boti nyingine ndogo, ingawa kituo chenye mnara mrefu mlimani kinaweza kumsikia kutoka mbali zaidi.

Redio nyingi za kisasa zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza na kukishikilia, redio inatuma peke yake kupitia chaneli ya 70 utambulisho wako na mahali ulipo. Lakini inafanya hivyo kwa masharti mawili: iwe imeingizwa namba yake ya utambulisho yenye tarakimu tisa, inayotolewa na mamlaka ya mawasiliano, na iwe imeunganishwa na GPS. Katika boti nilizokagua, nimekuta redio nzuri ya bei ya juu, kitufe kinang'aa, namba haijaingizwa na waya wa GPS unaning'inia. Mwenyewe alikuwa ameitazama miaka mitatu akijiona yuko salama.

Halafu kuna bikoni za setilaiti, vifaa vidogo vinavyotuma ishara ya kuomba msaada hadi angani. Mfumo wake unaitwa Cospas-Sarsat, na historia yake hunifurahisha kila nikiisimulia: mwaka 1979, katikati ya vita baridi, Marekani, Kanada na Ufaransa walikubaliana na Muungano wa Sovieti kusikiliza pamoja vilio vya watu waliopotea. Mwaka 1982 mfumo ukaokoa watu wake wa kwanza, waliokuwa kwenye ndege ndogo iliyoanguka Kanada, na tangu hapo umehusika kuokoa makumi ya maelfu. Bikoni ya boti hutuma ishara kwa saa 48 au zaidi. Ile ndogo ya kufunga mwilini, saa 24.

Hapa wewe, kwa kuwa umenunua boti ya mitumba, una kazi ya kufanya leo. Fungua makabati yote. Ukikuta bikoni ya zamani ya masafa ya megahezi 121.5 peke yake, jua kwamba setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Ni kopo la plastiki. Ukikuta ya 406, angalia tarehe ya kuisha betri, kisha uliza imesajiliwa kwa jina la nani. Bikoni ikilia, kituo cha uratibu hufungua daftari la usajili na kumpigia simu aliyeandikwa. Kama bado ni yule aliyekuuzia, atajibu akiwa sebuleni kwake, amekaa anatazama mpira, kwamba yeye mzima wa afya na boti aliuza zamani. Dakika zinapotea kumsaka mwenye boti mpya, na hizo dakika ni zako.

Kuhusu kifaa cha bei rahisi kuliko vyote: mtu wa nchi kavu. Mwachie maandishi: boti inaitwaje, ina rangi gani, mko wangapi, mnakwenda wapi, mnarudi saa ngapi, na ikifika saa ngapi bila habari apige namba ipi. Mkirudi, mwambie mmerudi. Watu wametafutwa usiku kucha wakiwa kitandani.

Sasa tuje kwenye ada yako. Majina yako kumi na moja hunionyeshi, lakini naweza kukisia kwamba yanaangukia katika mafungu machache: makampuni ya kuvuta, ambayo tumeyamaliza, jumuiya za uokoaji, ambazo ni za kuchangia, mashirikisho ya michezo, ambayo nitakuja kwayo kwa ajili ya binti, na vyama vya wenye boti vinavyofundisha. Fedha yako ya kwanza nenda nayo kwa hao wanaofundisha.

Sababu yangu ni hii. Walinzi wa Pwani wa Marekani hutoa ripoti ya ajali za boti za starehe kila mwaka, na mwaka baada ya mwaka inasimulia habari ileile. Karibu robo tatu ya wanaokufa hufa maji, na katika hao, zaidi ya wanane kati ya kumi hawakuwa wamevaa jaketi la kuokolea. Aidha, vifo vingi, kiasi cha saba kati ya kumi, hutokea kwenye boti ambazo aliyeshika usukani hakuwahi kupata mafunzo ya usalama. Hakuna kadi ya kuvutwa inayogusa namba hizo.

Vyama vya kufundisha vina umri kuliko watu wanavyodhani. Royal Yachting Association ya Uingereza ilizaliwa mwaka 1875 kama chama cha mashindano ya mashua za tanga. Leo inajulikana zaidi kwa kozi zake, ambazo shule za nchi nyingi huzifuata. Marekani wana United States Power Squadrons tangu 1914, raia wanaofundishana urambazaji, na wana Coast Guard Auxiliary tangu 1939, watu wa kujitolea wasio wanajeshi. Hao Auxiliary wana huduma moja ambayo ningetamani kila nchi iige: unawaita waje kukagua boti yako bure. Wakikuta kizima-moto kimekwisha muda au taa ya kijani haiwaki, wanakuambia ukarekebishe. Hawaandiki faini, hawakuripoti. Ukifaulu wanabandika stika. Uliza kama chama cha kwenu kina kitu cha namna hiyo. Kama hakina, mwombe baharia mzee wa klabu akukagulie kwa kikombe cha kitu cha moto.

Na klabu ya jirani usiidharau kwa sababu haina jina kubwa. Shirika la kitaifa litakupa cheti. Klabu itakupa mtu wa kukwambia kwamba pale mdomoni mwa mlango maji yanapopwa na upepo unapokuja kinyume, wimbi husimama wima, na kwamba boya la tatu limehama tangu mwaka jana. Habari hizo hazimo kwenye kitabu chochote.

Kozi yenyewe ichunguze kabla ya kulipa. Uliza saa ngapi ni za majini. Uliza mwanafunzi mmoja atashika usukani kwa muda gani, maana kozi ya watu wanane kwenye boti moja ni kozi ya kutazama. Lazima wakufundishe kuikaribia gati upepo ukikusukuma, kumrudia mtu aliyeanguka bila kumkata kwa pangaboi, na kumpandisha botini, ambalo ndilo jambo gumu kuliko yote; mtu mzima aliyelowa ana uzito usioelezeka. Kozi ya intaneti pekee hufundisha sheria. Mikono haifundishi. Ukipanga siku moja kukodi boti ugenini, hasa Ulaya, uliza pia kama cheti chao kinaweza kukufikisha kwenye kile cheti cha kimataifa cha umahiri kinachotolewa kwa Azimio namba 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Kama huna safari hiyo, kisikusumbue.

Jambo jingine ambalo mwalimu mzuri hatakuacha bila kulizoea ni ile kamba ya kuzimia mashine. Ni uzi mwekundu uliojisokota, upande mmoja kwenye swichi, upande wa pili kwenye paja au jaketi lako. Ukirushwa, mashine inazimika. Bila hiyo boti isiyo na mtu huanza kuzunguka duara, na wewe uko katikati ya duara. Marekani waliifanya kuwa lazima kwa boti nyingi ndogo kuanzia tarehe 1 Aprili 2021. Wewe ifanye lazima kwako kuanzia kesho.

Kuhusu jaketi lenyewe nitakuwa mfupi: tazama namba yake ya nyutoni, yaani kipimo cha nguvu yake ya kukuweka juu ya maji. Hamsini ni ya mtu anayejua kuogelea, karibu na ufukwe, mwenye msaada jirani. Mia moja ni ya maji yaliyokingwa. Mia na hamsini ni ya bahari wazi, na huweza kumgeuza mtu aliyezimia akatazama juu. Watoto wavae ya uzito wao, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. La kukua nalo halifai.

Binti sasa. Huyu ndiye pekee katika familia yenu ambaye ningemwingiza kwenye shirikisho bila kufikiri mara mbili. Kayaki ina International Canoe Federation, iliyoanza 1924, na chini yake vyama vya nchi, na chini ya vyama hivyo klabu. Wapiga makasia ya mashindano wana World Rowing tangu 1892, wapanda mawimbi wana International Surfing Association tangu 1964, na wenye matanga wana World Sailing, iliyozaliwa 1907 kwa jina jingine. Usitishwe na neno mashindano. Hata kama hatashindana, kwenye klabu atafundishwa kutoka ndani ya kayaki iliyopinduka bila kushtuka, kuirudia akiwa majini, na kusubiri wenzake. Mambo hayo matatu hayafundishwi na baba aliyekaa kwenye boti ya mashine akipiga kelele za kutia moyo. Kwa kayaki, kinyume na nilivyokwambia kuhusu boti, lile vazi la nyutoni 50 ndilo linalovaliwa na wengi, kwa sababu mikono inahitaji nafasi ya kupiga kafi na mpanda kayaki hakai bila wenzake.

Mashirikisho haya yana faida nyingine isiyosemwa: yamelipia ujuzi wake kwa damu, na ujuzi huo wameuweka wazi. Agosti 1979, mashindano ya mashua za tanga ya Fastnet yalipigwa na dhoruba kati ya Ireland na Uingereza. Washindani 15 walikufa. Boti 24 ziliachwa na mabaharia wake, na 19 kati yake zilikutwa baadaye zikielea, tupu. Tafakari hilo kidogo. Baadhi ya waliokufa walikuwa wameacha mashua iliyokuwa bado inaelea wakaingia kwenye boti ya mpira ya kujiokolea, ambayo bahari iliipindua au kuipasua. Uchunguzi uliofuata ulibadilisha mengi kuhusu uundaji wa mashua, redio, na mikanda ya kujifunga, na tangu hapo kila mwalimu hufundisha kwamba boti ya kujiokolea huingiwa pale chombo chako kinapozama kweli chini ya miguu yako. Leo kanuni za usalama za World Sailing kwa safari za mbali anazisoma yeyote, bure. Huhitaji tanga kuzisoma. Orodha yao ya vifaa ni nzuri kuliko ya wauza maduka wengi.

Kama siku moja familia itaanza kuzamia kwa mitungi ya hewa, hapo ndipo uanachama mmoja utakaokuwa na maana ya moja kwa moja: Divers Alert Network, iliyoanza mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Duke. Bima za kawaida mara nyingi hukwepa ugonjwa wa kupanda juu haraka, na matibabu yake kwenye chumba cha mgandamizo ni ghali. Lakini hayo ni ya baadaye.

Yamebaki majina makubwa ambayo huenda yamo kwenye karatasi yako na ambayo hayahitaji ada yako. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, halisajili watu. Wanachama wake ni nchi. Hata hivyo Kanuni za Kuzuia Migongano za 1972 zilizo chini yake zinakuhusu wewe na mashine yako ya nje sawasawa na meli ya makontena. Ya tano ndiyo naipenda: kila chombo, wakati wote, kiwe na mtu anayeangaza kwa macho na masikio. Haisemi "isipokuwa samaki akinasa".

Mwingine ni IALA, linaloshughulikia maboya na taa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na mfumo wa maboya uliundwa kwa sababu ya msiba. Januari 1971 meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongwa na kuzama kwenye mlango wa bahari wa Dover. Siku ya pili yake meli ya Brandenburg ikagonga mabaki yake ikazama. Wiki chache baadaye meli ya Niki nayo ikayagonga, ingawa yalikuwa yamewekewa alama. Watu 51 walikufa katika ajali hizo tatu. Wakati ule dunia ilikuwa na mifumo zaidi ya 30 ya maboya. Alama iliyomwambia baharia mmoja "pita hapa" ilimwambia mwingine kitu kingine. Leo imebaki miwili. Katika ukanda A, ukiingia bandarini unaliacha boya jekundu kushoto kwako. Katika ukanda B, ambao ni nchi za Amerika, Japani, Korea na Ufilipino, jekundu unaliacha kulia. Jua uko ukanda upi, na siku ukikodi boti ugenini uliza kabla ya kufungua kamba.

Ningekuwa wewe, ningekwenda kwa mpangilio huu: makabati na ile bikoni wiki hii, namba ya redio na waya wa GPS wiki ijayo, kozi ya majini kabla ya safari yoyote ya mbali, klabu ya binti mwezi huu, na ada ya kuvutwa mwisho kabisa, kama chenji itabaki. Na kwenye hiyo kozi nendeni wawili. Mkeo naye ajue kutia nanga, kuzima mashine, kubonyeza kile kitufe chekundu na kusema MAYDAY, lile neno la kuomba kuokolewa, mara tatu, jina la boti, mahali mlipo, shida gani, watu wangapi. Kwenye boti yenye wazazi wawili, huenda atakayeanguka majini ni wewe uliyekuwa umeshika usukani.